Dawa ya usingizi haijifuti yenyewe: jibu kwa anayetafiti homa ya uti wa mgongo kwa sungura

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Ninaandaa utafiti wa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria aitwaye nimokoko, nikitumia sungura, ili kujaribu dawa inayopunguza uvimbe wa ubongo. Msimamizi wangu amerudisha andiko langu mara mbili kwa sababu sikueleza athari za dawa ya usingizi, ile ya kumlaza mnyama asihisi maumivu wakati wa kazi. Mimi naona sungura wote, walioambukizwa na wasioambukizwa, watapewa dawa za usingizi za ketamini na zailazini kwa kipimo kile kile. Je, athari hizo si zinajifuta zenyewe ninapolinganisha makundi?"

Marahaba, mdogo wangu. Afadhali umeuliza sasa, kabla hujamgusa sungura hata mmoja. Hapana, hazijifuti, na msimamizi wako amekutendea wema kukurudishia andiko.

Hoja yako ingesimama kama dawa ya usingizi ingemfanyia mnyama mgonjwa jambo lile lile inalomfanyia mnyama mzima. Hapo ungetoa moja kwa jingine na kubaki na athari ya ugonjwa peke yake. Lakini mvua ikinyesha juu ya nyumba mbili, moja ina paa zima na nyingine paa lililotoboka, huwezi kusema mvua ni ile ile basi tuiache nje ya hesabu. Homa ya uti wa mgongo hutoboa paa. Huharibu zile kinga ambazo ubongo wenye afya huzitumia kuvumilia dawa ya usingizi, na dawa nayo huingia moja kwa moja kwenye mambo unayotaka kuyapima: joto, mtiririko wa damu, chembe nyeupe, sukari, hata kasi ya bakteria kuzaana.

Nianze na bakteria, maana hapo kuna jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi wa fani hii alijue. Mwaka 1986 Small, Täuber, Hackbarth na Sande walichapisha kazi waliyoifanya kwa sungura. Waliwachoma nimokoko aina ya 3 kwenye sisterna magna, kile kisima cha maji kilicho nyuma ya ubongo chini ya kisogo, wakasubiri saa 12. Kisha wakatumia dawa mbili tofauti za usingizi. Pentobabitali haikugusa homa ya mnyama. Yurethani iliishusha. Wakapima bakteria kwenye maji ya uti wa mgongo. Katika sungura walioachiwa homa yao, nimokoko walichukua wastani wa saa 2.76 kuongezeka maradufu. Katika wale ambao homa yao ilizimwa na yurethani, walichukua saa 1.10 tu.

Piga hesabu ya saa 6. Kwa kasi ya kwanza bakteria mmoja anakuwa kama wanne na nusu. Kwa kasi ya pili anakuwa kama 44. Ni tofauti ya karibu mara kumi, na bakteria ni yule yule, sungura ni wale wale, mkono uliochoma sindano ni ule ule. Kilichobadilika ni chupa ya dawa ya usingizi.

Watafiti hao hawakuishia hapo, na hili ndilo linalonifanya niiheshimu kazi yao. Wangeweza kudai kwamba yurethani yenyewe inawalisha bakteria. Badala yake waliongeza joto la chumba ili kurudisha joto la sungura waliopewa yurethani, na kasi ya bakteria ikashuka tena. Wakaenda pia kwenye chupa: nimokoko walikua vizuri kwa nyuzi 37 kwenye supu ya maabara na kwenye maji ya uti wa mgongo ya sungura, lakini kwa nyuzi 41 hawakukua kabisa. Kwa hiyo mhusika alikuwa joto, na dawa ya usingizi ilikuwa mkono uliolishusha.

Sasa rudi kwenye mpango wako. Sungura wako hana bakteria wanaoweza kuongezeka kama hajaambukizwa. Basi joto likishuka kwa nyuzi mbili katika makundi yote mawili, kundi la kulinganishia halitakuonyesha chochote, ilhali kundi la wagonjwa litakuwa limebadilika kabisa. Utakachotoa kwa kujumlisha na kutoa hakipo upande wa pili.

Joto ndilo linalopuuzwa kuliko yote, na nasema hivyo kwa uchungu. Miaka ya nyuma, katika maabara moja niliyofanya kazi, tuliwalaza panya wadogo weupe kwa ketamini na zailazini na kuwaweka juu ya meza ya chuma. Mnyama wa gramu 25 ana ngozi nyingi kulinganisha na mwili wake, na dawa imemzuia kutetemeka na kukunja mishipa ya ngozi. Tulikuja kuweka kipimajoto siku ya tatu ya kazi na kukuta nyuzi 33. Kibaya zaidi, kwa mazoea tulikuwa tunaanza na kundi la kulinganishia asubuhi na kumalizia na wagonjwa mchana, chumba kikiwa kimeshapata joto. Tulitupa data zote. Wale panya walikufa bure, na hilo sijalisahau.

Lakini angalia mtego ulio upande wa pili. Utaambiwa ununue mkeka wa joto unaojizima na kujiwasha wenyewe, nawe utaupanga kwenye nyuzi 38.5 au 39 kwa sababu ndilo joto la kawaida la sungura. Sawa, umezuia baridi. Je, mnyama aliyeambukizwa, ambaye mwili wake unataka kupanda hadi 40 na zaidi? Mkeka hauwezi kumpandisha, na dawa imemnyang'anya uwezo wa kupanda mwenyewe. Umemwondolea homa bila kujua, na jaribio la 1986 limekwisha kutuambia homa hiyo ina thamani gani. Ushauri wangu ni uamue mapema, kwa maandishi, kama homa ni sehemu ya ugonjwa unaouchunguza. Kwangu mimi ni sehemu. Zuia mnyama kupoteza joto, fupisha usingizi kadiri unavyoweza, mwache aamke na awe na homa yake kati ya vipimo. Na joto la kila mnyama liandikwe, lisikadiriwe.

Jambo la pili linahusu kile hasa unachotaka kukipima, yaani uvimbe wa ubongo na shinikizo ndani ya fuvu. Ubongo wenye afya una uwezo wa kujilinda: shinikizo la damu likishuka, mishipa yake hupanuka, likipanda, hujikunja, na mtiririko wa damu unabaki karibu pale pale. Tureen na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba sungura wenye homa ya uti wa mgongo hupoteza uwezo huo. Mtiririko wa damu ya ubongo ukawa unafuata shinikizo la mwili kama mpira wa maji unavyofuata bomba: likipanda unapanda, likishuka unashuka. Madaktari wa Denmark baadaye walikuta hali ya namna hiyo kwa wagonjwa binadamu, na uwezo huo ulirudi walipopona.

Hapa ndipo paa lililotoboka linapoonekana waziwazi. Isoflureni, gesi ya usingizi, hushusha shinikizo la damu kadiri unavyoongeza kipimo, kwa sababu hulegeza mishipa. Zailazini hupunguza mapigo ya moyo, na shinikizo linaweza kupanda kwanza kisha likashuka kwa muda mrefu. Sungura mzima atavumilia kushuka huko na ubongo wake hautajua. Sungura mgonjwa, kwa kushuka kule kule, ubongo wake utakosa damu. Ukimfungua baadaye na kukuta seli zilizokufa kwenye gamba la ubongo, utasema ni bakteria, au utasema dawa yako ya majaribio haikufanya kazi. Huenda ni kweli. Lakini bila kipimo cha shinikizo la damu huna njia ya kujua kama hukumuua mwenyewe kwa njaa ya damu.

Kabonidioksidi inaongeza tatizo hilo. Karibu dawa zote za usingizi huzubaisha upumuaji, na mnyama anayepumua mwenyewe chini ya usingizi mzito hulimbikiza hewa hiyo kwenye damu. Kila shinikizo la kabonidioksidi kwenye damu ya ateri likiongezeka kwa milimita moja ya zebaki, mtiririko wa damu ya ubongo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 4 hivi. Fuvu la mnyama mzima lina nafasi kidogo ya kuvumilia. Fuvu ambalo tayari lina ubongo uliovimba na maji yasiyonyonywa vizuri halina, hivyo damu hiyo ya ziada inageuka kuwa shinikizo. Ketamini ina sifa ya kupandisha shinikizo ndani ya fuvu, lakini sehemu kubwa ya sifa hiyo ilitokana na wanyama na watu waliokuwa wanapumua wenyewe. Ukidhibiti upumuaji kwa mashine, picha inabadilika sana. Ndiyo maana kauli kama "ketamini ni mbaya kwa ubongo" hazikusaidii. Uliza kila mara: mnyama alikuwa anapumuaje, na kabonidioksidi yake ilikuwa ngapi?

Sasa chembe nyeupe. Uharibifu mwingi katika ugonjwa huu hautokani na bakteria peke yao bali na mchochota, yaani mwili kuwasha moto ndani ya nyumba yake ili kumfukuza mwizi. Mwaka 1989 Tuomanen na wenzake waliwapa sungura kingamwili zinazoziba vile vishikizo ambavyo chembe nyeupe hutumia kung'ang'ania ukuta wa mshipa na kuvuka kuingia kwenye maji ya uti wa mgongo. Vishikizo hivyo ni familia ya CD18. Mchochota ulipungua, uharibifu ukapungua, na vifo vikapungua. Ilikuwa hatua kubwa.

Kumbe mmoja wa wanafamilia hao wa CD18, anayeitwa LFA-1, ana mfuko kwenye umbo lake ambamo isoflureni na sevoflureni hujichomeka. Zikishaingia, kishikizo hakifunguki vizuri. Fikiria maana yake: gesi unayomlaza nayo mnyama inagusa mashine ile ile ambayo kingamwili za mwaka 1989 ziliigusa. Sisemi kwamba dakika 10 za isoflureni ni sawa na tiba. Nasema kwamba mnyama aliyelazwa kwa gesi hiyo saa nyingi, wakati huo huo chembe nyeupe zinapojaribu kuvuka, amepewa dawa ya pili ambayo haimo kwenye jina la utafiti wako. Na yurethani ina kesi yake: kwa panya, mwaka 1996, ilionyeshwa kwamba usingizi wa yurethani uliwakinga na kifo kutokana na sumu za kuta za bakteria na kupunguza TNF, ile protini inayowasha mchochota. Ketamini pia hupunguza TNF. Dawa zetu za usingizi zina maoni yake kuhusu kinga ya mwili, na huyatoa hata kama hatukuyauliza.

Kuhusu zailazini nina neno moja tu la haraka, lakini ni la muhimu kwako. Inazuia kongosho kutoa insulini, na sukari ya damu hupanda. Medetomidini, dawa ya jamii hiyo hiyo, hufanya vivyo hivyo. Katika homa ya uti wa mgongo, sukari kwenye maji ya uti wa mgongo hushuka, na wewe umeandika utaipima. Sukari ya maji hayo hufuata ya damu kwa kuchelewa. Kwa hiyo uwiano utakaoupata dakika 30 baada ya sindano utakuwa na damu ya sasa na maji ya muda uliopita. Ukiendelea na zailazini, chukua damu kabla ya kumlaza. Na laktati, kemikali ambayo nayo hupanda katika ugonjwa huu, isikudanganye pia, maana isoflureni huipandisha ndani ya ubongo hata kwa mnyama asiye na maambukizi.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama unaweza kuhamia kwa watoto wa panya kwa sababu ni rahisi kuwapata. Hapa nakusihi uende polepole. Watoto wa panya wa siku 11 hutumika sana kwa ugonjwa huu kwa sababu wanapata uharibifu wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hasa ile sehemu iitwayo jairasi ya dentati, ambako seli hujiua zenyewe, na hilo linafanana na tunachokiona kwa watoto wanaopona wakiwa na shida za kujifunza. Ni kielelezo kizuri. Tatizo ni kwamba ubongo mchanga nao huumizwa na dawa za usingizi. Mwaka 1999 Ikonomidou na wenzake walionyesha kwamba kuziba vipokezi vya NMDA, yaani milango ya seli za neva inayopokea kemikali ya glutamati, na ketamini ni miongoni mwa dawa zinazofanya hivyo, husababisha seli za neva kujiua kwa wingi kwa panya wachanga, zaidi wakiwa na umri wa siku 7 hivi. Mwaka 2003 kundi la Jevtovic-Todorovic likawapa panya wa siku 7 mchanganyiko wa midazolamu, nitrasi oksaidi na isoflureni kwa saa 6. Seli zilikufa sehemu nyingi za ubongo, na wanyama hao walipokua walikuwa na shida ya kujifunza na kukumbuka.

Kwa hiyo ukihesabu seli zinazojiua kwenye hipokampasi ya panya mchanga uliyemlaza kwa saa kadhaa, unahesabu vifo vya wauaji wawili. Na mambo yanazidi kutatanisha, kwa sababu ketamini inaweza kwenda upande mwingine pia. Katika homa ya uti wa mgongo, glutamati, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana habari, humwagika na kuzichosha seli za neva hadi kufa. Mwaka 1996 Leib na wenzake waliwapa panya wachanga asidi ya kinureniki, inayoziba vipokezi vya glutamati, na uharibifu wa seli za neva ukapungua. Ketamini inaziba mlango katika jamii hiyo hiyo. Mnyama mchanga asiye mgonjwa anaweza kuumizwa nayo, na mgonjwa akalindwa nayo kwa kiasi fulani. Ukilinganisha makundi hayo mawili, tofauti ya ugonjwa itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Hapo huna hata haja ya kukosea kazi ili upate jibu la uongo. Unaweza kufanya kila kitu kwa usafi na bado ukalipata.

Kuna pia suala la maji kuzunguka na kusafisha ubongo. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi maarufu kwamba usingizi wa kawaida, pamoja na ule wa ketamini na zailazini, hupanua nafasi kati ya seli za ubongo na kuharakisha usafishaji. Mwaka 2024 kundi jingine likatoa matokeo yanayopingana, kwamba usafishaji hupungua mnyama akiwa amelala au amelazwa. Ubishi haujaisha. Kwako linagusa jambo moja: kama unapima kiasi cha antibiotiki kinachofika kwenye ubongo, dawa ya usingizi imo kwenye kipimo hicho, na usilinganishe namba zako na za mtu aliyetumia dawa nyingine kana kwamba ni kitu kimoja.

Baada ya haya yote mtu anaweza kusema, basi tusiwalaze. Hilo silikubali hata kidogo. Sindano kwenye sisterna magna bila usingizi ni ukatili, na hata ukiweka huruma kando, mnyama anayeteseka humwaga adrenalini na kotisoli, shinikizo linapanda, kinga inabadilika, nawe umebadilisha tatizo moja kwa jingine baya zaidi. Kinachotakiwa ni kuichagua dawa kwa kuangalia unachopima, kuitumia kwa muda mfupi, na kuiandika yote.

Kwa utafiti wako ningefanya hivi. Ungemlaza sungura kwa isoflureni kwa ajili ya kuchoma bakteria tu, dakika chache, kisha aamke kabisa na apewe dawa ya maumivu. Usimvalishe barakoa ya gesi akiwa macho, maana sungura huzuia pumzi na wengine hufa hapo hapo, mtulize kwanza. Atropini usiitegemee kwa mapigo yaliyoshuka, sungura wengi wana kimeng'enya kinachoivunja. Glaikopiroleti ni bora. Siku ya kupima shinikizo ndani ya fuvu, mwekee mrija wa hewa kooni, mpumulie kwa mashine, fuatilia kabonidioksidi inayotoka, na weka mrija kwenye ateri ya sikio kwa ajili ya shinikizo la damu. Mnyama mgonjwa sana anahitaji kipimo kidogo cha dawa kuliko mzima, hivyo fuata kina cha usingizi, si namba iliyo kwenye kitabu, na uandike kipimo alichopata kila mmoja. Wakifa wakati wa kulazwa, wahesabu na uwataje kwenye matokeo. Wanaokufa hapo mara nyingi ndio waliokuwa wagonjwa zaidi, na ukiwaacha nje umebakiza wale wenye nafuu. Miongozo ya ARRIVE, inayoeleza jinsi ya kuripoti tafiti za wanyama, inataka uitaje dawa na kipimo chake. Wewe nenda mbele zaidi, andika muda, joto na upumuaji.

Na kama bajeti itaruhusu vikundi vinne vidogo vya awali, fanya hivi: wagonjwa kwa isoflureni, wazima kwa isoflureni, wagonjwa kwa ketamini na zailazini, wazima kwa ketamini na zailazini. Ukiona tofauti kati ya mgonjwa na mzima inabadilika kulingana na dawa, utakuwa umepata jibu la swali lako kwa mikono yako mwenyewe, na msimamizi hatarudisha andiko mara ya tatu.

Chora karatasi ya safu sita: saa, joto la ndani, mapigo, shinikizo la damu, kabonidioksidi, kipimo cha dawa. Jaza kila baada ya dakika 5 mnyama akiwa amelala, na joto liendelee kuandikwa hadi atakapoinua kichwa mwenyewe. Ukimaliza sungura wawili wa kwanza, nitumie karatasi zao kabla hujaanza wa tatu.